Mwana Kupona na Maradhi Aliyoyanyamazia

Ni nani katika pwani yetu asiyelijua jina la Mwana Kupona binti Mshamu? Utendi wake umesomwa majumbani na kufundishwa skulini, na wako mabibi waliouhifadhi moyoni pasi na kushika kitabu. Hata hivyo wengi wanaoujua utendi hawamjui mwenyewe, na wachache zaidi wanajua ni maradhi gani yaliyomwondoa duniani.

Bibi huyu alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, akawa wa mwisho katika wakeze. Siu ya siku hizo haikuwa mji wa kuchezewa. Bwana Mataka alikataa kumtii Sayyid Said wa Unguja, na majeshi yaliyoletwa kumtiisha katika miaka ya 1840 yalirudi yameshindwa. Katika nyumba hiyo ya vita na mashauri ndimo Mwana Kupona alimozaa watoto wawili, na binti yake, Mwana Hashima, alizaliwa mwaka 1841.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1275 wa Hijra, mjane huyu alimwita bintiye, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aje karibu na wino na karatasi. Akamtungia beti 102.

Sasa tazama aanzavyo. Kabla ya nasaha yoyote anamweleza mwanawe kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimia. Basi, hasemi zaidi. Kisha anaingia katika dini, adabu, heshima ya mume, usafi wa nyumba, pete kidoleni, hina na wanda machoni. Hakuna jambo la chumbani alilolionea haya, isipokuwa hilo lililokuwa likimla mwilini. Mwishoni analirudia kwa dua ndefu, akimwomba Mola ampe afya na amlindie wanawe. Ajabu ya jina lake nalo, Kupona!

Alifariki katika miaka ya 1860, na maradhi yaliyomwua yametajwa kuwa ni kutokwa na damu katika mji wa mimba.

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya husita kila aufunguapo utendi huu. Hatumlaumu bibi wa watu. Hata angalitaja, nani Siu angalimtibu? Mkunga alikuwa na mizizi yake na dua zake, basi. Lakini leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, bado wako kina mama wanaoketi na damu mwaka mzima, wakimnong'oneza somo au jirani, na daktari hana habari.

Na haya hiyo haikutoka katika dini. Fatima binti Abi Hubaish alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza waziwazi kwamba damu yake haikatiki, na je, aache sala? Akajibiwa kwamba hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Kutokana na masuala kama hayo wanavyuoni wakatupa mlango mzima wa istihadha. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi hedhi haizidi siku 15. Damu ipitayo hapo ni ya ugonjwa, na mwanamke hujisafisha, hujifunga, hutia udhu kwa kila sala ya faradhi, akasali.

Kwa hiyo mwanamke wetu hujua kuhesabu siku zake. Hesabu hiyohiyo ndiyo daktari aulizayo kwanza. Kasoro ni kwamba wengi wakishapata fatwa ya sala huona suala limekwisha, na hali limejibiwa nusu. Sheria imekwisha kuiita damu ya ugonjwa. Iliyobaki ni kuuliza ugonjwa gani.

Huenda ni vivimbe katika mji wa mimba, ambavyo aghalabu si saratani. Huenda ni homoni zimekwenda kombo, au mimba inayoharibika. Huenda pia ikawa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Kenya huua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Damu ya kujaza sodo kila saa kwa saa kadhaa, yenye mabonge makubwa, izidiyo siku 7, itokayo kati ya hedhi mbili au baada ya kulala na mume, si ya kungojea. Na ajuza aliyekatika hedhi mwaka mzima, kisha akaona damu hata ikiwa tone, asifurahi kwamba ujana umerudi. Naaende akatazamwe upesi. Damu ikimwagika kwa wingi mama akaona kizunguzungu, apelekwe saa ileile.

Kutazamwa mlango wa kizazi si jambo la kutisha. Mojawapo ya njia zake ni kupaka siki iliyozimuliwa, na pahali penye hitilafu hugeuka peupe baada ya dakika chache. Mwenye kuona haya aombe tabibu mwanamke. Kwa wasichana, chanjo ya kukinga virusi viletavyo saratani hiyo ilianza kutolewa nchini mwaka 2019, kwa wenye umri wa miaka 10.

Mwana Hashima, yule binti wa wino na karatasi, Mungu alimjaalia umri mrefu. Aliishi hata mwaka 1933, umri wa miaka 92, akiwa bado awasimulia wataalamu habari za nyumba ya Siu. Mwaka uliofuata, 1934, utendi wa mamake ulitolewa kitabu na Alice Werner na William Hichens, wenye maradhi yale ya mwaka mmoja katika beti zake za mwanzo.