H. G. Wells na Vita vya Sakafuni

Wapo walimu waaminio kwamba mchezo ni adui wa masomo. Kwa hao namleta Herbert George Wells, mwandishi Mwingereza ambaye wanafunzi wengi humfahamu kwa riwaya ya The Time Machine ya 1895. Mimi huvutiwa zaidi na kitabu chake kidogo cha 1913, Little Wars.

Alizaliwa Bromley mwaka wa 1866, mwana wa mwenye duka lisilo na faida. Utotoni alivunjika mguu, na kule kulala kitandani kukampa vitabu. Alitiwa katika uanagenzi wa duka la nguo, akauchukia, akaponyoka kwa njia ya ualimu hadi akapata ufadhili wa kusoma biolojia kwa Thomas Huxley jijini London.

Mtu huyu, alipopita miaka arobaini na sifa zake zimeenea, alikuwa akipiga magoti sakafuni kupanga vinyago vya askari. Askari wa miguu aliruhusiwa kwenda futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2, na saa ilipima muda wa kila upande. Mizinga midogo yenye springi ilirusha vipande vya mti. Kinyago kilichoangushwa kilihesabiwa kimekufa. Wanawe walicheza, na wageni pia, watu wazima na heshima zao.

Hakuandika kwa kupenda vita. Hoja yake ni kwamba aliyekwisha kucheza hivi mara chache atatambua jinsi vita vya kweli vilivyo upuuzi wenye gharama. Naikubali. Lakini vita vya 1914 vilipozuka, Wells huyohuyo aliviunga mkono, akidhani vitakomesha vita vyote, na mwaka wa 1918 akafanya kazi ya propaganda dhidi ya Ujerumani. Hapo simtetei. Waliokufa, wakiwemo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, hawakuokotwa sakafuni na kurudishwa sandukuni.

Wells alifariki mwaka wa 1946, ila mchezo haukufa. Huko Marekani, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail mwaka wa 1971, kanuni za vita vya enzi za kati zilizoongezewa majoka na wachawi. Dungeons & Dragons ya Gygax na Dave Arneson ikafuata mwaka wa 1974, na Uingereza ikatoa Warhammer mwaka wa 1983. Gygax mwenyewe aliandika dibaji ya toleo la baadaye la Little Wars. Wachezaji wa leo hukipaka rangi kila kinyago kwa brashi nyembamba, wakakibunia jina na ukoo, kisha wakakitia hatarini kwa kurusha dadu. Kikianguka, huwauma.