James Parkinson na ugonjwa wa kutetemeka

Ndugu msomaji, jina la Parkinson tunalisikia pale mzee anapotetemeka mikono, viungo vinapokakamaa na hatua zinapokuwa fupi. Mwenye jina hilo alikuwa daktari wa mtaani.

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 huko Hoxton, London. Baba yake, John, alikuwa tabibu, na James akairithi kazi hiyo. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliandika vijitabu vya kuwatetea maskini na kudai haki ya kupiga kura, akitumia jina la bandia la Old Hubert. Mwaka 1794, wanachama wenzake walipotuhumiwa kula njama ya kumuua Mfalme George III, aliitwa akahojiwa mbele ya baraza la mfalme. Yeye hakushtakiwa.

Mwaka 1817, akiwa na miaka 62, alitoa kitabu chembamba kuhusu ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Kilieleza habari za wagonjwa sita tu. Wawili alikutana nao njiani akawauliza hali zao, na mmoja alimwona kwa mbali.

Wa kuzingatia ni yule wa sita, mzee wa miaka 72. Usiku mmoja alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukalegea. Muda wote huo mkono na mguu wa upande ule havikutetemeka. Baada ya wiki mbili hivi nguvu zikarudi, na mtetemeko nao ukarudi. Parkinson aliyaandika hayo kama yalivyo. Alidhani chanzo cha ugonjwa kiko sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na hapo alikosea. Lakini alikiri wazi kwamba anakisia, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuchunguza maiti, akawaachia wajuzi wa anatomia waendelee.

Alifariki tarehe 21 Desemba 1824. Ni Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyekuja kuupa ugonjwa huo jina lake.

Katika karne ya 20 madaktari wapasuaji waliunguza sehemu ndogo ndani ya ubongo, na mtetemeko ukatulia, kama ulivyotulia kwa yule mzee wa kiharusi. Kabla ya kuunguza, walihakikisha mahali kwa kupitisha umeme. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, Alim Louis Benabid na wenzake waliona kuwa umeme wa mapigo zaidi ya 100 kwa sekunde huzuia mtetemeko bila kuunguza kitu. Leo waya mwembamba huachwa ubongoni, ukaunganishwa na kifaa chenye betri chini ya ngozi ya kifua. Ugonjwa hauondoki, lakini wengi huweza tena kushika kikombe na kutembea.

Ndugu mwanafunzi, elimu ni amana. Parkinson hakujua maana ya alichokiona kwa mgonjwa wa sita, ila hakukificha wala hakukipamba. Waliokuja baada yake wakakikuta salama.