Knute Rockne, Mdakaji wa Notre Dame

Knute Rockne alizaliwa Voss, nchi ya Norwe, mwaka 1888. Alipokuwa na miaka 5 alihamia Chicago, Marekani. Alifanya kazi posta akiweka akiba ya masomo, hata akaingia chuo cha Notre Dame mwaka 1910, mtu mzima wa miaka 22.

Mpira wa Marekani huchezwa zaidi kwa mikono. Kurusha mbele kuliruhusiwa tangu 1906, lakini timu nyingi zilipendelea kuubeba mpira na kusukumana. Likizo ya 1913 Rockne na mwenzake Gus Dorais walipata kazi Cedar Point, kando ya Ziwa Erie. Kila walipopata nafasi walijizoeza mchangani, Dorais akirusha, Rockne akikimbia na kudaka. Tarehe 1 Novemba chuo chao kikaishinda timu ya Jeshi 35 kwa 13, watu wakastaajabu.

Baadaye alikuwa mwalimu wa timu hiyo, 1918 hadi 1930. Alishinda michezo 105, akashindwa 12 tu. Alikufa katika ajali ya ndege huko Kansas, mwaka 1931.

Wenzangu, ushindi ule wa Novemba ulianzia likizoni. Nasi likizo yetu i karibu, tutaitumiaje?