Daktari Semmelweis na Lindo la Beseni

Apitaye Katwe, karibu na Mnara wa Saa, hawezi kukosa kuzisikia nyundo za mafundi. Hapo hutengenezwa masanduku ya bati, milango ya vyuma na sigiri. Fundi amalizapo kazi, mikono yake humshuhudia: ni myeusi kwa masizi na grisi, na hapana mtu atakayekubali kupakuliwa chakula kwa mikono ile kabla haijaoshwa. Lakini ukiiacha Katwe ukapanda kupitia Mengo kuelekea Namirembe, utafika kwenye Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897. Humo, kama ilivyo katika kila hospitali duniani, uchafu ulio hatari zaidi ni ule usioonekana. Mkono wa tabibu waweza kuonekana safi kama sahani, kumbe umebeba mauti kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Leo tumekusudia kuwasimulia wapiganaji na askari polisi maisha ya mtu aliyemtambua adui huyo, akaweka amri ya kupambana naye, akamshinda mbele ya macho ya watu, na hata hivyo akafa ameshindwa. Jina lake ni Ignaz Semmelweis.

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, nchini Hungaria, ambao baadaye uliunganishwa na mji wa Pest ukawa Budapest. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Kijana huyo alipelekwa Vienna kusomea sheria, lakini hakukawia kuiacha akaingia katika utabibu, na mwaka 1844 akahitimu udaktari. Mnamo Julai 1846 aliajiriwa kuwa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika idara ya uzazi ya Hospitali Kuu ya Vienna.

Idara hiyo ilikuwa na kliniki mbili. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, siku hii kliniki ya kwanza, siku ifuatayo ya pili. Majengo yalikuwa jirani na chakula kilikuwa kile kile. Lakini kati ya mwaka 1841 na 1846, kliniki ya kwanza ilipoteza karibu akina mama 10 katika kila 100, ilhali ya pili haikupoteza hata 4. Muuaji alikuwa homa ya uzazi. Habari hizo zilikwisha enea mjini, hata wanawake walikuwa wakipiga magoti na kusihi wasipelekwe kliniki ya kwanza. Waliojifungulia njiani, pasipo daktari wala mkunga, aghalabu walisalimika.

Semmelweis hakupata usingizi kwa jambo hilo. Akaanza kuchunguza kama mpelelezi anavyochunguza, akiondoa kisingizio kimoja baada ya kingine. Je, ni msongamano wa watu? Hapana, kwani kliniki ya pili ndiyo iliyojaa zaidi. Je, ni hofu inayoletwa na padri apitaye na kengele akiwaendea mahututi? Padri aliombwa apite njia nyingine bila kengele, na vifo havikupungua. Je, ni namna ya kumlaza mama wakati wa kujifungua? Ilibadilishwa, na vifo havikupungua.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Baada ya siku chache alifariki. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliona dalili zile zile za akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi. Hapo ndipo alipong'amua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha maiti asubuhi na kuingia moja kwa moja katika wodi ya wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Kilichowaua akina mama kilisafiri juu ya mikono ya waganga wao, na miongoni mwa mikono hiyo ilikuwamo yake mwenyewe. Hakujificha na ukweli huo, bali aliukiri.

Katikati ya Mei 1847 akatoa amri: hapana atakayemgusa mgonjwa kabla ya kuosha mikono katika maji yenye dawa ya klorini mpaka harufu ya maiti iishe. Beseni likawekwa, naye akasimama lindo. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Mwezi Juni walikufa wawili na kitu, na Julai mmoja na kitu. Mwaka 1848 ilipita miezi miwili, Machi na Agosti, pasipo mama hata mmoja kufa kwa homa hiyo katika kliniki ile.

Lakini adui hakukosa mwanya. Mnamo Oktoba 1847 aliletwa mwanamke mwenye saratani ya tumbo la uzazi iliyokuwa ikitoa usaha. Madaktari walimpima yeye kwanza, kisha wakaendelea na wenzake katika safu ile ile bila kurudia dawa. Karibu wote waliofuata walikufa. Semmelweis akatambua kwamba beseni la mlangoni peke yake halitoshi. Sumu yaweza kutoka hata kwa mtu aliye hai. Akaamuru mikono ioshwe baina ya mgonjwa na mgonjwa.

Mtu angetazamia kwamba jemadari mwenye ushindi kama huo angepandishwa cheo. Haikuwa hivyo. Wakubwa wengi hawakuwa tayari kukubali kwamba mikono yao, mikono ya waungwana wasomi, ndiyo iliyokuwa ikiua. Mkataba wake ulipokwisha mwezi Machi 1849 haukuongezwa. Mwaka 1850 aliondoka Vienna ghafula akarudi kwao. Katika Hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, kuanzia mwaka 1851, aliendesha wodi kwa amri ile ile, na kati ya wazazi 933 walikufa 8 tu kwa homa hiyo.

Hata hivyo, hapana budi tuseme pia makosa yake, maana sifa tupu haimfundishi askari. Semmelweis alijua kuamuru, lakini hakujua kueleza. Kwa miaka mingi hakuandika habari za ugunduzi wake. Waliomwandikia ni marafiki zake. Kitabu chake kilipotoka, mwaka ulioandikwa juu yake ukiwa 1861, kilikuwa kirefu na kigumu. Wapinzani aliwajibu kwa barua za wazi zenye ukali, akiwaita wauaji. Hata waliokuwa wakielekea kumsadiki walirudi nyuma. Mwaka 1865 afya ya akili yake ilidhoofika, naye akapelekwa kwa hila katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Inaaminika kwamba alipigwa na walinzi. Tarehe 13 Agosti 1865, akiwa na umri wa miaka 47, alifariki kwa jeraha lililooza na kuitia damu sumu. Maradhi ya namna ile ile aliyopigana nayo ndiyo yaliyomchukua.

Miaka miwili baadaye, 1867, Joseph Lister wa Uingereza alitangaza upasuaji wa kutumia dawa za kuua vijidudu, na mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa akaonyesha kijidudu kinacholeta homa ya uzazi. Ndipo ulimwengu ulipomkumbuka Semmelweis, naye yu kaburini.

Kwa nini tunayasimulia haya leo? Kwa sababu vita vile havijakwisha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitaja nyakati tano ambazo mhudumu hana budi kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hakuna muuguzi asiyezijua, lakini zamu ni ndefu na wagonjwa ni wengi, na mkono husahau.

Kwa hiyo baadhi ya hospitali za nchi za nje zimeweka mlinzi wa namna mpya. Ni kifaa kidogo chenye kihisi, kinachovaliwa kifuani kama beji au mkononi kama saa. Kifaa hicho huwasiliana na chupa ya dawa iliyoko ukutani na alama iliyoko kitandani. Mhudumu akimkaribia mgonjwa kabla ya kuchukua dawa, kifaa hutikisika au huwaka taa kumkumbusha. Vingine hutambua hata mwendo wa viganja vinaposuguana. Faida yake ni kubwa, kwani imethibitika kwamba watu huosha mikono zaidi wakijua wanatazamwa, na msimamizi wa kibinadamu hawezi kukaa kitandani usiku kucha. Kwa maneno mengine, kifaa hicho ni Semmelweis asiyelala.

Lakini kina udhaifu ule ule wa Semmelweis: chahesabu na kukumbusha, wala hakielezi. Muuguzi akikiona kuwa ni jasusi wa mkubwa wake, atakichukia, na siku kitakapovuliwa atarudia mazoea yake. Muuguzi aliyeelezwa sababu, na ambaye maji na dawa viko karibu naye, atakihesabu kuwa rafiki wa zamu.

Hapa kwetu somo hili si la mbali. Januari 2025, Ebola ilipozuka tena Kampala, wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mhudumu wa afya, naye alifariki. Nanyi wapiganaji na polisi hubeba majeruhi wa ajali, hulinda wodi, hushika mahabusu wagonjwa, kisha hurudi nyumbani kubeba watoto. Mkono wa askari hauko nje ya vita hivi.

Kamanda anayeweka dumu la maji na sabuni mlangoni mwa kambi amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwaambia askari wake kwa nini limewekwa pale. Semmelweis aliifanya nusu ya kwanza vizuri kuliko mtu yeyote wa zama zake. Ile ya pili alituachia sisi.