Martin Ryle: makuta kidogo, antene nyingi

Martin Ryle alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Kisha vita ya 1939-1945, aliingia chuo kikuu cha Cambridge, akataka kusikiliza nyota kwa redio. Makuta ya antene kubwa haikuwepo. Basi akachukua vyombo vilivyobaki vya vita, hata antene za rada za Wajerumani.

Siri yake ni hii: weka antene moja Makiso, ingine Lubunga ngambo ya mto. Mashine inalinganisha mawimbi ya zote mbili. Unasogeza, unapima tena, kompyuta inaunganisha vipimo. Picha inakuwa kali kama ya antene moja yenye upana wa mto.

Mwaka 1972 alimaliza antene 8 kwenye njia ya treni iliyoachwa. Mwaka 1974 akapata Nobel ya fizikia pamoja na Antony Hewish. Alikufa 1984.

Mwanafunzi wa Kisangani unayefungua redio zilizokufa, Ryle naye alianza vile.