Ferdinand Porsche na Motokaa ya Mseto

Wengi wetu tulisikiapo jina la Porsche hukumbuka motokaa za matajiri ziendazo kasi. Mimi, kwa kuwa napenda ufundi wa magari, nataka kuwasimulia kwa ufupi habari za mtu mwenyewe. Yeye alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuunda motokaa ya mseto, yaani itumiayo petroli na umeme pamoja.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1875, huko Maffersdorf, mahali ambapo leo pamo katika nchi ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi bati, naye alitaka mwanawe airithi kazi hiyo. Lakini moyo wa kijana ulikuwa katika umeme. Mchana alifanya kazi karakanani kwa baba yake, jioni akaenda shule ya ufundi. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda Vienna kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya umeme.

Baadaye aliingia kwa Lohner, waliokuwa wakitengeneza magari ya farasi ya wakuu. Huko aliunda motokaa ya umeme, ikaonyeshwa Paris mwaka 1900. Mota zake zilikuwa ndani ya magurudumu ya mbele. Taabu ilikuwa beteri: ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400, na nguvu ikiisha, safari nayo imekwisha. Basi Porsche akafunga injini mbili ndogo za petroli, kila moja ikizungusha dainamo yake. Umeme ukapita katika waya mpaka kwenye mota za magurudumu, na uliozidi ukaingia katika beteri. Hivyo beteri ndogo zaidi ikatosha.

Ndiyo maana fundi wa leo hawezi kufungua motokaa ya mseto kwa kujua spana peke yake. Lazima aujue umeme pia, na aukate ule wa beteri kubwa kabla hajagusa kitu, maana waweza kumwua.

Lakini habari za mtu huyu hazina budi kusemwa zote. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimwagiza abuni motokaa ya bei nafuu, ndiyo Volkswagen. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wakuu wa kiwanda chake, nacho kilitumikisha maelfu ya watu kwa nguvu, wakiwamo mateka na wafungwa wa kambi. Baada ya vita Wafaransa walimfunga muda wa miezi 20 hivi. Alikufa Stuttgart, tarehe 30 Januari, 1951.

Wenzangu, mimi naisifu akili yake na bidii yake, lakini siwezi kumfuata katika yote. Tujifunzapo kuunda kitu, tujiulize pia kinaundwa kwa jasho la nani.