Hugh Tracey, aliyetunza ngoma za wachimba zahabu

Leo tunawaletea maisha ya Hugh Tracey. Wenye kusoma muziki wa Afrika wanamjua dunia nzima, lakini hapa kwetu Butembo na Beni jina lake halitajwi sana. Na kumbe ni yeye aliyebeba sauti za bakoko wetu na kuzifikisha mbali, mu Afrika ya Kusini, ambako zinatunzwa hata leo. Kwa nyinyi wenye kushuka mu mashimo ya zahabu kuna sababu ingine ya kumjua: kitabu chake kimoja kinahusu michezo ya wachimbaji.

Alizaliwa tarehe 29 januari 1903 mu jimbo la Devon, Uingereza. Kaka yake Leonard aliumizwa mu vita ya kwanza ya dunia, kiisha akapata shamba mu Rhodesia ya Kusini, ile tunaita leo Zimbabwe. Hugh alimfuata akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1920, juu ya kulima tumbaku upande wa Gutu. Mu shamba alifanya kazi pamoja na Wakaranga. Akajifunza luga yao, akajifunza na nyimbo zao. Wazungu wengi wa wakati ule walifikiri kama ngoma za watu weusi ni makelele tu. Yeye akaona kama ni kazi ya akili, yenye sheria zake na mafundi wake.

Mwaka 1929 alichukua vijana 14 wa Kikaranga mpaka Johannesburg, ambako kampani ya Columbia ilikuwa imeleta mashini za kushika sauti. Wakaimba, nyimbo zikaingia mu sahani. Toka siku ile hakuacha tena kazi hiyo. Mu miaka ya 1930 alizunguka Rhodesia kwa msaada wa feza za Carnegie, na kuanzia 1936 hadi 1947 alifanya kazi mu radio kule Durban.

Sasa tufike kwa wachimbaji. Mu Witwatersrand, eneo la zahabu kandokando ya Johannesburg, wanaume walitoka Msumbiji, Lesotho, Pondoland, Nyasaland na kwingine. Waliacha bibi na watoto kwa miezi mingi. Walilala mu kambi za kampani, kila kabila upande wake. Siku ya yenga, wakati hakuna kazi ya chini ya udongo, walicheza. Mwenye kutoka mlimani alicheza mchezo wa mlimani, mwenye kutoka pwani alicheza wa pwani. Wengine walicheza na buti za mpira, wakizipiga kwa mikono na kukanyaga chini kwa pamoja. Buti za namna ile munazijua vizuri.

Tracey alikuwa akienda kuwaangalia. Mu miaka ya 1940 alichora viwanja vya kuchezea vyenye viti vya kuzunguka, ili watu waone vizuri na wachezaji wasikie ngoma vizuri. Mwaka 1952 akatoa kitabu juu ya michezo ya mine za zahabu za Witwatersrand, chenye foto za Merlyn Severn. Juu ya nini foto? Sababu sauti peke yake haishike mguu. Sahani itakupa ngoma na wimbo, lakini haitakuonyesha namna bega linavyoshuka ao namna mstari wa wachezaji unavyogeuka. Shida hiyo iliwasumbua na watu wa Ulaya. Kule Ujerumani, Rudolf Laban alitoa mwaka 1928 alama za kuandika dansi kwa karatasi, kama vile muziki unavyoandikwa, na leo muji wa Köln uko na nyumba nzima ya kutunza mambo ya dansi. Tracey yeye alishika sauti, akaongeza foto na maelezo.

Waliomshangaza kushinda wote ni Wachopi wa Msumbiji. Hao wanapiga timbila, marimba ya mbao yenye vibuyu chini, kubwa na ndogo, watu wengi pamoja. Fundi wao anatunga mchezo mzima wenye sehemu nyingi: mwanzo wa marimba peke yake, kuingia kwa wachezaji, wimbo mkubwa, mpaka mwisho. Maneno yanasema mambo ya kweli ya kijiji: kodi, chifu mbaya, mtu aliyekwenda mine na hakurudi. Tracey hakutosheka na kuwaona mu kambi. Alikwenda mpaka kwao Zavala, akaandika kitabu juu yao, kilichotoka mwaka 1948. Mu kitabu kile aliweka majina ya mafundi, kama Katini na Gomukomu. Hakuandika tu kama ni «wenyeji». Mwaka 2005 UNESCO ikaiweka timbila kati ya urizi wa dunia nzima.

Mwaka ule ule wa 1952, Tracey aliingia Kongo ya Wabeleji na gari lake la mashini. Mashini ya umeme aliiacha mbali, akavuta waya mrefu, ili kelele yake isiingie mu nyimbo. Kipaza sauti alikishika mwenyewe kwa mkono, akitembea nacho kati ya wapigaji. Kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, muji wa mine, alikuta kijana Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa. Wimbo wake wa Kiswahili, Masanga, ukajulikana Afrika nzima. Kiisha Tracey akapanda huku kwetu, ukingoni mwa msitu wa Ituri. Kati ya nyimbo alizoshika huko zimo za Wabudu, za Wambuti na za Wanande.

Mwaka 1954 alianzisha nyumba ya kutunza muziki wa Afrika, inayoitwa ILAM, kule Roodepoort, karibu na mine za Johannesburg. Huko alitoa sahani 210 mu mfululizo mmoja. Kwa kila wimbo aliandika kadi: nani ameimba, luga gani, mahali gani, tarehe gani, chombo gani, wimbo wa kazi, wa ndoa ao wa kilio. Alikufa tarehe 23 oktoba 1977. Mwana wake Andrew akashika kazi, na mwaka uliofuata nyumba ile ikahamia chuo kikuu cha Rhodes, mu muji unaoitwa leo Makhanda. Andrew alikuwa ameisha kufanya na mwenzake filme za michezo ya Wachopi, juu miguu nayo ionekane.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Alipita kwa ruhusa ya wakubwa wa ukoloni. Sahani za mwanzo zilibeba dakika chache tu, basi mchezo wa usiku mzima ulikatwa kipande. Na ile michezo ya siku ya yenga ilisaidia pia wenye mine: wageni walikuja kuangalia wachimbaji wakicheza wenye furaha, hawakuangalia chumba chao cha kulala wala mshahara wao. Kugawa wachezaji kwa kabila kulipatana vizuri na siasa ya ubaguzi. Wengi wa wale walioimba hawakusikia tena sauti yao, na faida ya sahani haikuwafikia. Lakini kwa sababu majina yao yaliandikwa, iliwezekana kuwatafuta. Mu miaka ya 2010, watu wa ILAM na wenzao wa Kenya walirudisha nyimbo kule zilikotoka, na wazee wakasikia tena sauti za wakati wao.

Kama kadi haina jina, nyimbo itarudishwa kwa nani?

Swali hili linatugusa sisi. Toka mwaka 2014 mauaji yamefukuza watu wengi mu vijiji vya Beni, na baadaye vya Lubero. Mzee aliyejua kupanga mbao za endara leo analala kwa ndugu mu muji, bila mbao, bila wenzake wa kupiga nao. Mu makarieri ya upande wa Manguredjipa wanakutana vijana wa kila pembe, na magaribi muziki unatoka mu telefone. Si mbaya. Lakini ngoma ya kilio ao ya mavuno, nani ataifundisha kama miaka kumi hakuna aliyeicheza?

Tracey alihitaji gari zima. Leo telefone moja ya mchimbaji inashika sauti na miguu pamoja. Kinachokosekana ni ile kadi. Basi, mukishika mchezo wa mzee, kwanza mumuombe ruhusa, na kama anakataa, muache. Akikubali, mumwache aseme mwenyewe mbele ya telefone: jina lake, kijiji chake, luga, mchezo unaitwaje, unachezwa wakati gani, alifundishwa na nani. Kiisha mumpe nakala yake, na ingine muiweke kwa mtu mwingine, sababu telefone inaanguka mu maji na kuibiwa. Vyuo vikuu vyetu na radio zetu za Butembo na Beni navyo vinaweza kufungua kabati moja kwa kazi hii. Wazee wako hapa sasa, mu muji, karibu nasi kuliko Makhanda.